Kubadili mfumo wa kumwagilia nyasi uwe janja: ninunue kidhibiti peke yake au nibadilishe kila kitu?

Mwenye_Ua

Habari za leo, wanajukwaa. Nina uwanja wa nyasi wa takriban mita za mraba 300 unaomwagiliwa na vinyunyizio vinavyochomoza kutoka ardhini, vimegawanywa katika kanda 6, na vyote vinaendeshwa na saa ya kizamani iliyofungwa kwenye ukuta wa gereji. Kila kanda hufunguka kwa dakika 20, mara tatu kwa wiki, mwaka mzima. Saa hiyo haijui kama mvua imenyesha. Juzi nilitoka na mwavuli kwenda kuizima, maana vinyunyizio vilikuwa vikirusha maji katikati ya mvua kubwa na jirani alikuwa akitazama.

Nimeamua kuhamia mfumo janja unaoongozwa kwa simu. Fundi niliyemwita alinipa makadirio ya kidhibiti kipya cha kushika nafasi ya saa, vali zote 6 zinazofungulia maji kila kanda, nyaya mpya, vinyunyizio vyote na sensa ya unyevu wa udongo. Nilipoipitia hesabu yake, kidhibiti chenyewe hakikufika hata robo ya jumla. Maelezo yake ni kwamba vali za zamani haziwezi kuwasiliana na kidhibiti cha vaifai. Je, ni kweli? Na kama nitalipa, nitegemee bili ya maji inirudishie fedha hizo baada ya muda gani?

Fundi_Mstaafu

Ndugu Mwenye Ua, kuhusu vali umepotoshwa, na sitasema kama ni kwa makusudi. Vali ya kawaida ya bustani haiwasiliani na kitu chochote: koili yake, yaani waya uliozungushwa ndani yake, ikipata umeme wa volti 24 wa mkondo geu inafunguka, umeme ukikatika inajifunga. Kidhibiti janja kinatuma umeme uleule uliokuwa ukitumwa na saa yako. Wanaopaswa kuwa waangalifu ni wenye vali za betri, kwa sababu nyingi kati ya hizo hutumia koili ya volti 9 ya mkondo mnyoofu, ambayo haiendani na vidhibiti vya ukutani.

Kabla ya kulipa chochote, zima umeme, fungua kifuniko cha saa, na upige picha kabla hujagusa waya. Utakuta nyaya 6, moja kwa kila kanda, na waya mmoja wa pamoja ambao mara nyingi ni mweupe. Zichomoe, kisha upime kwa mita ya umeme kati ya waya wa pamoja na kila waya wa kanda. Koili nzima kwa kawaida husoma kati ya omu 20 na 60 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme). Ikikaribia sifuri, koili imeungua au nyaya zimegusana. Mita isiposoma kabisa, kuna mahali waya umekatika, na katika miaka yangu ya kazi mara nyingi kosa lilikuwa kwenye kiungo kilichooza ndani ya kisanduku cha vali, kilichofungwa kwa utepe wa kawaida na mtu aliyekuwa na haraka. Kiungo hicho hurekebishwa kwa kiunganishi kisichopitisha maji. Hakuna sababu ya kufukua bustani nzima.

Hakikisha pia kwamba vaifai inafika gereji. Vidhibiti vingi hutumia masafa ya gigahetsi 2.4 pekee, na kuta nene za zege huyadhoofisha. Ukilazimika kuongeza kifaa cha kusambaza mawimbi, kiingize kwenye gharama.

Bi_Hesabu

Naomba nijibu lile swali la bili, kwa sababu hapo ndipo watu hudanganyika. Milimita 1 ya maji juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1. Vinyunyizio visivyozunguka vya aina yako hutoa takriban milimita 40 kwa saa, kwa hiyo dakika 20 mara tatu kwa wiki ni milimita 40, yaani lita 12,000 kila wiki kwa uwanja wako. Tuseme katika joto kali nyasi zinahitaji milimita 5 kwa siku: hizo ni lita 10,500 kwa wiki, na tofauti ni ndogo. Tuseme katika majira ya baridi na mawingu zinahitaji milimita 2: ni lita 4,200, na zaidi ya nusu ya maji unayolipia yanapotea bure.

Kidhibiti kinachosoma hali ya hewa kitaokoa zaidi katika miezi ile ya baridi. Zidisha lita utakazookoa kwa bei unayotozwa, ugawe gharama ya kifaa kwa jibu unalopata, na utakuwa na muda wako wa kurudisha fedha. Lakini nikuambie ukweli ambao muuzaji hatakuambia: saa nyingi za zamani zina kitufe cha kupunguza muda kwa asilimia, na mtu anayekigusa kila mwezi na kufunga sensa ndogo ya mvua anapata sehemu kubwa ya akiba hiyo bila intaneti. Kwa aliyekuwa akimwagilia maji machache kuliko mahitaji ya nyasi zake, kidhibiti janja kinaweza hata kuongeza bili.

Presha_Kwanza

Naunga mkono waliotangulia, ila msisahau vinyunyizio vyenyewe. Panga mikebe mitupu ya ukubwa mmoja kwenye kanda moja, fungulia kwa dakika 15, kisha upime kina cha maji kwa rula. Kama mkebe mmoja una mara mbili ya mwingine, hakuna programu itakayolisawazisha hilo. Itakuwa inamwagilia vibaya kwa ratiba nzuri. Ukiona ukungu badala ya matone, presha imezidi: vinyunyizio vingi visivyozunguka vimeundwa kwa presha ya takriban baa 2.

Kitu ninachoweza kukishauri kwa moyo mweupe ni mita ya mtiririko, inayopima maji yanayopita bombani na hivyo kufichua uvujaji, pamoja na vali kuu ya kufunga maji yote. Shirika la mazingira la serikali ya Marekani, EPA, linaeleza kwamba tundu la kipenyo cha takriban milimita 0.8 linaweza kumwaga karibu lita 23,800 kwa mwezi, na tundu la namna hiyo chini ya nyasi hulioni. Uliza pia kama programu ya simu ina ada ya kila mwezi, na kama ratiba itaendelea iwapo intaneti itakatika au kampuni itazima seva zake.

Mwenye_Ua

Nawashukuru nyote. Nimepima: kanda 5 zinasoma kati ya omu 26 na 31, na kanda ya 4 haikusoma kitu. Nilipofungua kisanduku chake nilikuta kiungo kimegeuka unga wa kijani. Nimekiunga upya na sasa kinasoma 28. Jaribio la mikebe limenionyesha milimita 11 karibu na njia na milimita 4 pembeni mwa uzio, ambako kinyunyizio kimoja kilikuwa kimeinamia ukuta na kuuosha kwa miaka sijui mingapi.

Kwa hiyo nitanunua kidhibiti cha kanda 8, mita ya mtiririko na vali yake kuu, na vinyunyizio vitatu tu. Kitufe cha asilimia kipo kweli kwenye saa yangu, Bi Hesabu, na sikuwahi kukigusa hata siku moja. Fundi nimemrudishia makadirio yake na kumwomba aondoe vali na nyaya, bado hajanijibu.