Yah: Levi ya shule, na kwa nini tusingoje mpaka Juni

Ndugu zangu, habari za wiki.

Dada aliyeuliza juzi kwa nini wilaya yake ya shule inaomba hela tena wakati kodi ya nyumba imeshapanda, nimeona nimjibu kwa kirefu. Swali hilo nililipuuza mwaka mzima, na aliyeumia ni mwanangu.

Tunaishi pembezoni mwa Columbus, Ohio. Levi ya wilaya yetu, yaani kodi ya majengo ya shule ambayo lazima wapiga kura waikubali, ilianguka Novemba, na kufika Aprili bodi ya shule ikapitisha makato. Moja lilikuwa mabasi ya sekondari. Sheria ya Ohio inailazimu wilaya kuwabeba watoto wa chekechea hadi darasa la nane wanaokaa zaidi ya maili mbili kutoka shuleni. Wa darasa la tisa kwenda juu si lazima. Ndiyo maana hela zikipungua basi la sekondari huguswa mapema: unaliondoa bila kuvunja sheria.

Binti yangu yuko darasa la kumi. Kutoka mlangoni kwetu hadi shuleni ni maili tatu na ushee, na barabara ile haina njia ya waenda kwa miguu. Mimi natoka zamu ya usiku saa moja kamili asubuhi, kengele ya shule inalia saa moja na nusu. Januari iliyofuata, mwezi mzima nilikuwa namkuta amesimama dirishani, begi mgongoni, koti limefungwa hadi kidevuni, anangoja taa za gari langu. Siku barabara zikiwa na barafu tulichelewa. Baadaye ikaja barua ya kuchelewa shule, imeandikwa Kiingereza tupu. Mama aliyekuwa anatupigia simu kwa Kiswahili kutueleza barua kama hizo naye alikuwa kwenye orodha ile ile ya makato.

Makato yalipopitishwa sikujua. Nilisikia mwishoni mwa Mei, nikaenda kwenye kikao cha Juni. Ukisema mbele ya bodi yetu unapewa dakika tatu, na mezani kuna kitaa kinachogeuka chekundu zikiisha. Nilisema yangu. Kikao kilipokwisha, mama mmoja wa bodi alinifuata kwenye korido akaniambia kwa upole: haya tuliyapigia kura miezi miwili iliyopita. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1, na mwalimu ambaye mkataba wake hautaendelea lazima aarifiwe kufikia Juni 1. Maana yake Juni watu wameshaambiwa waende. Nilikuwa nimefika msibani waombolezaji wameshatoka makaburini.

Sasa lile la "kodi imepanda, hela zinakwenda wapi". Hapa Ohio kuna sheria ya 1976, wenyewe wanaiita House Bill 920. Inasema thamani za nyumba zikipanda, kiwango cha levi iliyopigiwa kura kinashushwa, ili levi ile iendelee kuingiza karibu kiasi kile kile kutoka kwa nyumba zilezile. Levi iliyokuwa ikileta milioni kumi mwaka ilipopitishwa, miaka minane baadaye bado inaleta karibu milioni kumi. Mishahara, bima ya afya na dizeli havikungoja. Kwa hiyo wilaya hata ikiwa na nidhamu ya fedha itarudi kwa wapiga kura kila baada ya miaka kadhaa.

Mwaka 2023 kaunti yetu ya Franklin ilifanya ukadiriaji upya, thamani za nyumba zikapanda kwa wastani wa takriban asilimia 40. Watu wengi waliamini shule zimepata asilimia 40 zaidi. Hazikupata. Kodi yako inaweza kuwa ilipanda, hasa kama nyumba yako ilipanda kuliko wastani, lakini sehemu kubwa ya levi za zamani ilibaki palepale. Mahakama Kuu ya Ohio yenyewe ilitamka mwaka 1997, katika kesi ya DeRolph, kwamba mfumo huu unaotegemea mno kodi ya majengo ni kinyume cha katiba ya jimbo. Bunge la jimbo limerekebisha hesabu mara kadhaa tangu hapo, ila utegemezi wenyewe haujaondoka.

Kuna na hili la hela za korona. Machi 2021 serikali ya Marekani ilitoa dola bilioni 122 kwa shule za nchi nzima, juu ya mafungu mawili ya mwaka 2020. Wilaya nyingi ziliajiri nazo: wakalimani, washauri wa wanafunzi, walimu wa kuwainua walioachwa nyuma. Septemba 30, 2024 ndiyo iliyokuwa siku ya mwisho ya kuzipangia kazi hela hizo. Watu wakawa wapo, fungu lililowalipa halipo. Nilipouliza kuhusu yule mama wa Kiswahili, jibu lilikuwa hilo.

Kuna jambo nililoliona mwenyewe nikakasirika kabla ya kuelewa. Mwaka ule ule wa makato tuliona mafundi wanamwaga lami mpya nyuma ya shule. Nikasema hawa wanatuchezea. Kumbe hela zile ni za kura nyingine, ya majengo na matengenezo, na kwa sheria hazilipi mshahara wa dereva hata senti moja. Msiende kwenye kikao na hoja ya lami, mtajibiwa kwa sentensi moja na dakika zenu zitaisha.

Hoja ambayo sikubaliani nayo mpaka leo ni kumweka mkalimani kwenye fungu la huduma za ziada. Si ziada. Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964 inakataza ubaguzi wa asili ya mtu mahali popote panapopokea hela za serikali kuu, na Mahakama Kuu ya Marekani mwaka 1974, kesi ya Lau dhidi ya Nichols, ilisema kumwacha mtoto darasani bila kuelewa lugha ni kumnyima elimu. Bodi ingeweza kupunguza saa zake, au kushirikiana na wilaya jirani. Walimfuta kwa sababu ukumbini Aprili hapakuwa na mzazi hata mmoja wa kumsemea. Wazazi wa bendi ya shule walikuwapo zaidi ya arobaini, na bendi ipo.

Kuhusu kura yenyewe: hela za levi zinahesabiwa kwa mili, yaani dola moja kwa kila dola 1,000 za thamani inayotozwa kodi. Kodi inatozwa kwenye asilimia 35 ya thamani ya nyumba. Nyumba ya dola 240,000 inahesabiwa kama 84,000, na mili moja ni dola 84 kwa mwaka. Levi ya mili sita ni dola 504, yaani 42 kwa mwezi. Karatasi ya kura siku hizi inaonyesha dola kwa kila 100,000 za thamani, kwa hiyo hesabu unaifanya palepale. Kwetu 42 zinauma. Mafuta ya gari na saa za kazi nilizopoteza kumpeleka binti viliniuma zaidi, na mke wangu, ambaye ni raia, atapiga ndiyo levi ikirudi kwenye kura.

Mimi nina grinikadi, kibali cha kuishi hapa daima bila uraia, kwa hiyo sipigi kura. Nalisema hili kwa uzito: kama hujawa raia, usijiandikishe hata karani wa leseni za gari akikuuliza kama unataka. Sema hapana. Kura moja ya makosa inaweza kukufukuzisha nchini na watoto wako wakabaki.

Kaka yenu, Columbus

———

Shikamoo kaka. Asante sana, ndiyo nimeelewa. Mimi ni mpangaji, levi inanihusu? Na Kiingereza changu cha kusimama mbele ya watu sicho. Ningeweza kumpeleka mwanangu wa darasa la nane anitafsirie?

———

Marahaba mdogo wangu.

Inakuhusu. Mwenye nyumba hulipa kodi ile kutoka kwenye pango lako, na ukiwa raia kura yako ni sawa na ya mwenye nyumba, ila uwe umejiandikisha siku 30 kabla.

Mwanao usimpeleke. Atakuwa anatafsiri habari za basi lake mwenyewe mbele ya wakubwa wanaompangia maisha, ni mzigo. Andika barua pepe ofisini wiki moja kabla, uombe mkalimani, na uitunze barua hiyo. Wakikosa mkalimani, andika maneno yako kwenye karatasi, mtu wa kwetu ayasome kwa niaba yako. Jambo moja tu: mtoto wako, maili ngapi, saa ngapi. Mimi Juni ile nilisema mambo matano na hawakukumbuka hata moja.

Kabla hujaenda, fungua tovuti ya wilaya utafute makadirio ya fedha ya miaka ijayo ambayo kila wilaya hupeleka kwa jimbo. Usihangaike na kurasa zote. Nenda kwenye mstari wa salio la Juni 30. Mwaka ambao namba inaingia kwenye mabano, ndio mwaka hela zinakwisha. Makato yatajadiliwa muda mrefu kabla yake, kwa kawaida kuanzia Januari hadi Machi. Ya wilaya yetu ilikuwa kwenye mabano tangu miaka miwili nyuma, na mimi sijawahi kuifungua.

Mwezi huu ninaenda kikaoni. Gari langu lina nafasi nne, na nikitoka zamu nalala hadi saa nane, kwa hiyo nipigie baada ya hapo. Nimeshamwambia na baba yule wa ghorofa ya chini, ana mapacha wanaoingia darasa la tisa.