Naomba ushauri: foleti ya kwenye kimiminika cha kukuzia seli
Ndugu zangu wataalamu, ninasomea shahada ya uzamili ya biokemia, na utafiti wangu unahusu methotreksati, dawa inayozuia kimeng'enya kinachoigeuza foleti (vitamini B9) iwe katika umbo ambalo seli hulitumia kutengeneza DNA. Njia hii aliifungua Sidney Farber mjini Boston, ambaye mwaka 1948 alieleza jinsi aminopterini, dawa iliyoitangulia methotreksati, ilivyowapa nafuu ya muda watoto wenye saratani ya damu, jambo linalonigusa hadi leo.

Tatizo langu ni kimiminika cha kukuzia seli. RPMI 1640, kimojawapo cha vimiminika hivyo, ina miligramu 1 ya asidi ya foliki (foleti ya kutengenezwa) kwa lita, kiwango kinachozidi kwa makumi ya mara foleti iliyomo katika damu ya binadamu. Aidha, seramu ya ndama huleta thaimidini na haipoksanthini, malighafi za kutengenezea DNA, ambazo huziokoa seli hata dawa inapofanya kazi yake. Nahofia kuonyesha usugu wa seli dhidi ya dawa usiokuwapo.

Je, nitumie kimiminika kisicho na asidi ya foliki, nikiongeza lukovorini (foleti isiyohitaji kimeng'enya hicho) kidogo na seramu iliyoondolewa molekuli ndogo? Na seli nizipe muda gani zizoee, ilhali huweka akiba ya foleti ndani yake? Aliyewahi kujaribu anieleze, hata kama hakufaulu.