Mama anakunywa sanamaki kila usiku tangu Ramadhani, naye anatumia dawa za presha

Binti wa Wete

Assalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Naomba msaada wa wenye ujuzi wa dawa za miti na wenye elimu ya Hadithi, kwani jambo langu linagusa pande zote mbili na sipendi kulikosea upande wowote.

Mama yangu ana umri wa miaka 68 na ninakaa naye hapa Wete. Tatizo la kufunga choo analo kwa muda mrefu, na mwezi wa Ramadhani uliopita lilizidi, akawa anakaa siku nne au tano bila ya kupata choo. Jirani yetu akamletea sanamaki. Alikunywa usiku, alfajiri akapata choo, akashukuru sana, na tangu siku hiyo imekuwa ndiyo ada yake. Kila akimaliza sala ya Isha huchota ukufi mmoja wa majani makavu, huyachemsha katika kisufuria mpaka maji yawe na rangi ya chai ya rangi iliyokolea, hutia asali na kunywa gilasi nzima. Juzi niliuweka ule ukufi wake kwenye mizani ndogo ya jikoni, nikaona ni gramu 11. Mwanzo alikuwa akichota nusu ya hapo, lakini anasema sasa nusu haimfanyii kitu.

Wiki tatu hizi miguu inamlegea akipanda ngazi, na usiku mashavu ya miguu humkaza mpaka huamka kwa maumivu. Vidonge vyake vya presha ni vya aina mbili, na kimoja ni kile cha kukojoza. Nilipomwomba aipumzike sanamaki kidogo, alinionesha karatasi iliyobandikwa kwenye pakiti, ambayo imeandikwa kwamba Mtume (S.A.W.) amesema mna ndani yake ponyo ya kila maradhi isipokuwa mauti, kisha akaniuliza kama mimi najua zaidi. Nilinyamaza kwa adabu.

Je, Hadithi hii imethibiti, na kiasi gani kinamfaa mtu wa umri wake? Na hiki kidonge cha kukojoza kinakwenda pamoja na sanamaki?

Muuza Viungo, Darajani

Waalaykumu ssalaam, mwanangu. Nimekulia katika duka la viungo na dawa za miti, na sanamaki nimeishika tangu nikiwa mtoto, kwa hivyo nitasema ninalolijua na la hospitali nitawaachia wenyewe.

Kwanza hakikisha kwamba hayo ni majani ya sanamaki. Jani lake ni jembamba lenye ncha, kijani chake kimepauka, na ukilitazama vizuri pale linapoungana na kikonyo utaona upande mmoja umeanza juu kidogo kuliko wa pili. Hiyo ndiyo alama niliyofundishwa na marehemu baba yangu. Maganda yake ya mbegu ni bapa na mepesi kama karatasi, na nguvu yake ni ya taratibu kuliko ya majani. Jina limetokana na Makka, lakini nyingi inayozunguka katika biashara ya dunia hutoka kusini mwa India na Sudan. Hilo si udanganyifu, kwani mmea ni ule ule.

Linaloniuma ni namna inavyouzwa siku hizi. Marehemu baba alikuwa akiifunga katika vipande vya karatasi, kifungo kimoja kwa mtu mmoja kwa usiku mmoja, na ndani ya kifungo alitia shamari na kipande cha tangawizi kavu ili kupunguza msokoto wa tumbo. Mteja akirudi kesho yake kutaka kingine, alimuuliza hali yake kwanza. Mtu aliyekuja mara ya tatu hakuuziwa. Aliambiwa aende akatazamwe. Leo pakiti ya nusu kilo inatoka dukani bila ya neno lolote kuhusu kipimo, na unga mwingine huchanganywa na urukususu, ule mzizi mtamu, ili ladha iwe nzuri. Tazama pakiti ya mama kama ina urukususu, kwa sababu nimesikia wataalamu wakiutahadharisha kwa wenye presha.

Mfamasia, Unguja Kusini

Dada, nitaanza na lililo muhimu: usiku wa leo mama asinywe sanamaki, na kesho asubuhi mpeleke akapimwe damu, hasa madini ya potasiamu pamoja na kazi ya figo. Akihisi moyo kwenda mbio au kuruka mapigo, akizimia, au miguu ikikataa kabisa kumbeba, msingoje asubuhi. Vidonge vya presha asiviache wala asivipunguze mpaka daktari aseme.

Sasa nieleze kwa nini. Sanamaki ni dawa kamili, na Shirika la Afya Duniani limeiweka katika orodha yake ya dawa muhimu, ambamo inatajwa kwa wagonjwa wa maradhi mazito, ambao wengi wao hufunga choo kwa sababu ya dawa za maumivu kama morfini. Viini vyake huitwa senosaidi. Vinapita tumboni na katika utumbo mwembamba bila ya kufanya kitu, na vinapofika kwenye utumbo mpana bakteria waliomo humo huvibadilisha, hapo ndipo huwa dawa. Misuli ya utumbo huchochewa kusukuma, na wakati huo huo maji na chumvichumvi huzuiwa kurudi mwilini, kwa hivyo choo hulainika. Kazi hii huchukua baina ya saa 6 na 12, ndiyo maana aliyekunywa baada ya Isha hupata choo alfajiri.

Potasiamu ni miongoni mwa chumvichumvi zinazopotea kwa njia hiyo. Kidonge cha kukojoza, kikiwa ni cha aina ya hidroklorothiazaidi au furosemaidi, nacho huitoa potasiamu kupitia mkojo. Mama basi anaipoteza kwa milango miwili kila siku, na urukususu ukiwemo kwenye pakiti huwa mlango wa tatu, kwani nao huishusha potasiamu na juu ya hayo hupandisha presha. Mtu ambaye potasiamu yake imeshuka hulegea miguu na kukazwa na misuli, na ikishuka sana mapigo ya moyo huharibika. Sisemi kwamba ndiyo hali ya mama kwa yakini, kwani kipimo ndicho kitakachosema, lakini dalili ulizozieleza zinalingana nayo kiasi cha kuniondolea raha.

Kuhusu kiasi, dawa ya viwandani hutolewa senosaidi kama miligramu 15 hadi 30 kwa siku, na hicho hupatikana katika gramu 1 au zaidi kidogo ya majani makavu yaliyo mazuri. Ukufi wa mama ni mara nyingi ya hapo. Muda wake ni siku chache, na isizidi wiki moja bila ya ushauri. Ukimuona mkojo wake ni wa kahawia au wa kuelekea wekundu katika siku alizokunywa, hiyo ni rangi ya dawa yenyewe, ingawa damu kwenye choo ni jambo jengine na haina udhuru. Haifai kabisa kwa mtu ambaye tumbo linamuuma bila ya kujulikana sababu, anayetapika, au ambaye utumbo wake umeziba.

Na swali ambalo hukuliuliza: kwa nini anafunga choo? Wazee wengi wanaopewa kidonge cha kukojoza hupunguza kunywa maji ili wasisumbuke usiku, na choo hukauka. Baadhi ya dawa za presha zenyewe hufunga choo, na vidonge vya kuongeza damu vile vile. Mtu wa miaka 68 ambaye choo chake kimebadilika, akiwa pia anakonda au anatoka damu, lazima atazamwe utumbo. Tafadhali yataje haya kwa daktari, na pakiti ya sanamaki nenda nayo mkononi.

Maalim, Micheweni

Waalaykumu ssalaam warahmatullah. Nimefurahishwa na adabu yako kwa mama yako, binti yangu, na nitajaribu kukusaidia kwa upande wa Hadithi.

Zipo riwaya mbili zinazotajwa. Ya kwanza wameipokea Tirmidhi na Ibn Majah kutoka kwa Bi Asmaa bint Umays, Mwenyezi Mungu amridhie. Mtume (S.A.W.) alimuuliza anatumia nini kulainisha tumbo, naye akajibu kwamba anatumia shubrumu, mmea mwengine wa kuendesha. Mtume akaieleza kuwa ni ya moto, kali. Baadaye akatumia sana, yaani hii sanamaki, na hapo Mtume akasema kwamba lau kitu kingekuwa na ponyo ya mauti, basi kingekuwa ni sana. Sheikh Nasiruddin al-Albani, mwanachuoni wa Hadithi, ameitia riwaya hii katika zile dhaifu. Ya pili iko kwa Ibn Majah, nayo inataja sana pamoja na sanuti, kwamba ndani yake mna ponyo ya kila maradhi isipokuwa mauti. Hii ya pili al-Albani ameikubali. Karatasi ya pakiti, kwa hivyo, haikuzua maneno, ila imeacha neno sanuti na imeacha maelezo yote ya wanavyuoni.

Maelezo hayo ndiyo yenye manufaa kwa mama. Mwanachuoni Ibn al-Qayyim katika kitabu chake Zad al-Maad ametaja kauli nane kuhusu sanuti ni kitu gani: wapo waliosema ni asali, wapo waliosema ni shamari, wengine wakasema uzile, na kauli ambayo amenukuu kwamba baadhi ya matabibu waliiona kuwa karibu zaidi na usahihi ni kwamba sana inasagwa, inachanganywa na asali iliyotiwa samli, kisha inalambwa. Waliikhitari hiyo kwa sababu asali na samli huitengeneza sana na kuisaidia kazi yake. Kuhusu shubrumu amesema kwamba ni katika dawa ambazo matabibu walihimiza ziachwe kwa hatari yake na kwa kuendesha kupita kiasi. Utaona basi kwamba karne nyingi kabla ya hospitali zetu, wanavyuoni walikwisha kuhesabu kuendesha kupita kiasi kuwa ni dhara, na sana waliisifu kwa kuwa ni salama kuliko ile nyengine. Anayeinywa kupita kiasi mpaka ikamlegeza viungo ameifanya kuwa shubrumu.

Vile vile Ibn al-Qayyim ameweka kipimo: dirhamu 3 za sana yenyewe, na dirhamu 5 katika maji yake, akapendelea ichemshwe pamoja na zabibu nyekundu zilizotolewa kokwa. Dirhamu 3 ni kama gramu 9, na utasema kwamba ni nyingi, lakini hicho ni kinywaji kimoja cha kusafisha tumbo, si cha kila usiku kwa miezi. Tena mfamasia ameshaeleza kipimo kilicho salama kwa mtu mzima mwenye dawa nyengine, nawe fuata chake.

Ama maneno "kila maradhi", Imamu al-Khattabi alisema kuhusu Hadithi ya habasoda kwamba ni tamko la jumla lililokusudiwa mahsusi, yaani maradhi yanayofaana na dawa hiyo. Na sana ni hivyo hivyo. Mueleze mama kwamba hakuna anayemtaka aikatae Sunna. Msomee kisa cha Bi Asmaa chote, kwa utulivu, na muache aseme mwenyewe amefahamu nini.

Binti wa Wete

Mwenyezi Mungu akulipeni kheri nyote. Usiku huu nimemuomba aiache mpaka tupime, na amekubali kwa sharti kwamba Maalim asiwe amekataza. Nimetazama pakiti, na kweli urukususu umeandikwa kwa herufi ndogo. Jirani amesema nimpe madafu kwa wingi na ndizi ili miguu ipate nguvu. Je, nianze?

Mfamasia, Unguja Kusini

Usianze mpaka majibu yatoke. Madafu na ndizi zina potasiamu, na huenda daktari akampa ruhusa, lakini mtu ambaye figo zake hazifanyi kazi vizuri, au anayetumia dawa za presha zinazoizuia potasiamu isitoke, anaweza kuzidiwa nayo, na kuzidi kwake ni hatari kama kupungua.

Binti wa Wete

Narudi baada ya wiki mbili kutoa habari. Potasiamu ya mama ilikuwa 2.9, na tuliambiwa kiwango cha kawaida huanzia 3.5. Figo zake ni nzima, alhamdulillahi. Alipewa dawa ya kuirudisha, kile kidonge cha kukojoza kikabadilishwa, na alipopimwa tena wiki iliyofuata ilikuwa imefika 3.8. Miguu haimkazi tena usiku. Ilibainika pia kwamba alikuwa hanywi maji baada ya Alasiri, kwa sababu ile ile aliyoitaja mfamasia.

Siku nne za mwanzo bila ya sanamaki zilikuwa nzito na alinung'unika sana. Sasa anaroweka tende tano na zabibu katika bakuli usiku, anazila asubuhi na maji yake, papai halikosekani mezani, na wali wa mchana unakwenda na mchicha au kunde. Anapata choo kila baada ya siku moja au mbili, na daktari amesema hilo linatosha.

Kisa cha Bi Asmaa nilimsomea jioni ukumbini. Alikisikiliza mpaka mwisho, akanitaka nirudie pale penye shubrumu, kisha akaenda mwenyewe kuileta pakiti. Ile yenye urukususu tumeitupa. Nimemnunulia majani matupu kidogo, nikayatia katika kopo la bati na kuandika juu yake kipimo alichopewa na daktari: kijiko kimoja cha chai kisichojaa, akikaa siku nne bila ya choo tu, na si zaidi ya usiku mitatu mfululizo. Mama akayanakili maneno hayo chini yake kwa hati za Kiarabu, kwa kuwa hizo ndizo anazozisoma bila ya miwani.