Wakuu, namba 65 kwenye msalaba wa Kijerumani ni kiwanda gani?

Mtoro_wa_Rhein: Salaam wakuu. Najitolea kwenye makumbusho madogo huku Ujerumani. Nimepewa Misalaba ya Chuma mitatu (nishani za jeshi la Ujerumani), daraja la pili, ya 1939, niandike mtengenezaji kwenye kadi. Pete moja ya kuning'inizia ina 65, nyingine 4, ya tatu haina alama. Jumatatu msimamizi anarudi. Msaada.

Fundi Mizani: 65 ni Klein & Quenzer, Idar-Oberstein. 4 ni Steinhauer & Lück, Lüdenscheid. Isiyo na alama isikutishe, zipo nyingi. Ukikuta L/11, hiyo ni namba ya biashara ya rejareja: Deumer, naye wa Lüdenscheid.

Bint Pangani: Mafuvu zaidi ya 1,000 ya Afrika Mashariki yamekaa Berlin miaka na miaka, wewe unahangaikia mapambo ya jeshi la Hitler?

Babu Korosho: Marehemu babu alipigana Burma na KAR, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki. Nishani yake ya nyota haina hata jina, bibi aliifanya kizibo cha chupa ya mafuta ya taa.

Fundi Mizani: Mtoa mada, kwa nini unataja pete tu? Misalaba yenyewe ikoje?

Mtoro_wa_Rhein: Inang'aa.

Fundi Mizani: Inang'aa kwa nini?

Mtoro_wa_Rhein: Niliisugua kidogo kwa dawa ya fedha. Nikafungua pete ili nifike pembeni. Sasa sikumbuki ipi ni ya upi. Lakini ile 65 nimeshaiandika kwa ule mzito, inaelekea ni wake.

Fundi Mizani: Inaelekea! Futa hiyo kadi. Chukua lenzi, utazame tarakimu za 1939, ncha za swastika na shanga za fremu. Kila kiwanda kilikuwa na kalibu zake, na kasoro ya kalibu hujirudia kwenye kila kipande. Linganisha na misalaba ambayo pete zake hazijaguswa.

Mtoro_wa_Rhein: Kadi nimeandika kwa wino mkuu. Na uzito nao si ushahidi?

Bint Pangani: Ungeacha uchafu wa watu ulivyokuwa.

Kijiwe Namba Saba: Hii chai, tena haina tangawizi. Makumbusho gani ya Kijerumani humwachia mtu wa kujitolea dawa ya kung'arishia? Huyu ana misalaba yake, anatafuta jina la kiwanda apandishie bei.

Babu Korosho: Hata mimi nilishtuka aliposema "inang'aa". Weka picha.

Mtoro_wa_Rhein: Siuzi kitu jamani! Picha naogopa, kadi zina namba za makumbusho.

Kijiwe Namba Saba: Funika namba kwa kidole. Tunataka pete tatu.

Mtoro_wa_Rhein: Ziko mbili.

Fundi Mizani: Si ulisema ya tatu haina alama?

Mtoro_wa_Rhein: Ule msalaba ndio hauna alama. Pete yake iliingia kwenye tundu la sinki.