Maiki haishiki sauti kwenye Linux, na ninyi bado mnaniambia nifungue alsamixer!

Wakuu, leo naandika nikiwa na hasira, mnivumilie tu. Maiki ya ndani ya laptopu yangu hairekodi. Spika zinalia, hedifoni zinalia, kamera inaonyesha sura yangu kwenye mkutano, ila wenzangu wananiona nachezesha mdomo kama samaki. Nimeuliza huku na kule, na majibu ni yale yale: fungua alsamixer (ile programu ya kupandisha na kushusha sauti za kadi), angalia kama hujaizima, sakinisha upya, hamia distro nyingine, yaani aina nyingine ya Linux. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza swali la maana, kwamba hiyo maiki imefungwa kwenye nini huko ndani.

Niwaeleze hali yenyewe, maana naona wengi mnajibu kabla ya kusoma.

Kwenye mipangilio ya sauti, upande wa kuingiza, kifaa kipo. Jina lipo, hakijazimwa, sauti nimesukuma mpaka mwisho. Kile kijistari cha kupima sauti hakitikisiki. Unagonga kwa kidole juu ya kioo, pale penye vitundu viwili pembeni ya kamera, kimya. Unaandika:

arecord -f dat -d 5 jaribio.wav

Faili linatengenezwa, lina uzito wake kamili wa kama kilobaiti 938, sawasawa na sekunde tano za sauti ya stereo. Unalicheza, hamna kitu. Programu haikulalamika, mfumo haukulalamika, hakuna ujumbe wowote mwekundu. Bora hata ingeniambia "maiki haipo" nikajua moja!

Sasa hiyo alsamixer yenu. Nimeifungua. F6 nimechagua kadi, F4 nimehamia upande wa kurekodi, neno CAPTURE linawaka chini ya kipimo chake. Mtu akasema ongeza Boost. Nikaongeza Boost. Ukimya uliokuzwa ni ukimya vilevile.

Akaja mwingine na usermod, eti nijiunge na kundi la audio. Jamani! Mifumo mingi ya sasa inatumia systemd-logind, na yenyewe ndiyo inampa aliyeketi mbele ya mashine ruhusa ya kutumia vifaa vya sauti. Halafu fikirini kidogo tu: kama ruhusa ndiyo tatizo, hizo spika zingelia vipi?

Wa tatu akaniletea pulseaudio -k na maelezo marefu ya kuhariri faili za PulseAudio, ile programu ya zamani ya kugawa sauti kwa programu nyingine. Andika pactl info uone mstari wa Server Name. Kwangu unasema PulseAudio (on PipeWire). Maana yake PulseAudio yenyewe haipo, kuna PipeWire inayojibu kwa niaba yake ili programu za zamani zisikwame. Fedora ilihamia huko tangu toleo la 34 mwaka 2021, Ubuntu ikafuata kwenye 22.10. Unamwelekeza mtu ahariri faili ambazo hakuna anayezisoma, kisha anakesha akijiuliza kakosea wapi. Ukitaka kuwasha upya sauti siku hizi ni

systemctl --user restart pipewire pipewire-pulse wireplumber

na kwangu hata hiyo haikusaidia, kwa sababu tatizo lilikuwa chini zaidi ya hapo.

Nikachukua flashi yenye distro ileile, toleo jipya, nikawasha laptopu kutoka kwenye flashi bila kusakinisha chochote. Maiki ikashika sauti papo hapo. Kijistari kinaruka hata nikikohoa. Kwa hiyo wale mliosema "maiki imeungua, nunua ya USB", asanteni sana kwa kutaka kunitia gharama bure.

Nikalinganisha. Kwenye flashi, arecord -l inataja kadi iitwayo sof-hda-dsp, na chini yake kuna kifaa namba 6 kilichoandikwa DMIC, yaani maiki ya dijitali. Kwenye mfumo wangu, amri ileile inataja HDA Intel PCH na kifaa kimoja tu, namba 0, Analog. DMIC haipo kabisa.

Hapo ndipo penye kiini, na ndipo ushauri wenu wote ulipopita pembeni. Zamani maiki ya laptopu ilikuwa ya analogi, waya wake unaingia kwenye kodeki, ile chipu ndogo inayobeba pia spika na tundu la hedifoni. Ukiifungua kodeki umefungua kila kitu. Laptopu nyingi za Intel za miaka ya karibuni haziko hivyo. Spika na tundu la hedifoni zimebaki kwenye kodeki, lakini maiki za ndani ni za dijitali na zinapita kwenye DSP, kichakataji kidogo cha sauti kilicho ndani ya chipu kuu. Ili DSP ifanye kazi inahitaji fimwea yake (programu inayopakiwa ndani ya chipu), ya mradi wa Sound Open Firmware ambao watu wanauita SOF. Kerneli, yaani kiini cha Linux, ikitumia draiva (programu inayoendesha kifaa) ya zamani ya HDA, inaona kodeki tu. Spika zinalia kama kawaida, maiki za ndani hazionekani.

Na kile kifaa kilichokuwa kinaonekana kwenye mipangilio? Kile ni cha tundu la hedifoni! Kodeki ina njia yake ya kurekodi kwa ajili ya hedifoni yenye maiki. Hakuna kilichochomekwa, kwa hiyo inarekodi hewa, na mfumo unakionyesha kana kwamba ndiyo maiki yako. Mtu unaminya, unasukuma, unaongeza Boost kwenye tundu tupu.

Kwa nini basi mfumo wangu ulikuwa kwenye draiva ya zamani? Laptopu hii ilinifikia ikiwa tayari imewekewa Linux. Nikaandika

grep -r snd /etc/modprobe.d/

nikakuta kijifaili chenye mstari mmoja: options snd-intel-dspcfg dsp_driver=1. Hiyo 1 inaiambia kerneli itumie draiva ya zamani kwa lazima, hata kama yenyewe ingechagua SOF. Nikapekua zaidi, fimwea ya SOF haikuwa imesakinishwa. Hapo nikaelewa mchezo wote. Fundi aliweka mfumo, fimwea haikuwepo, sauti ikagoma yote, mipangilio ikaonyesha "Dummy Output", kifaa cha bandia kisichotoa sauti. Akatafuta mtandaoni, akakutana na ule mstari maarufu (ndugu yake mzee ni dmic_detect=0, nao umejaa kila kona), akaubandika, spika zikalia, kazi imekwisha, mteja apewe mashine. Maiki hakuijaribu. Nani anajaribu maiki?

Hili ndilo linaloniudhi. Mstari ule unasambazwa kama dawa ya "sauti haitoki" na sijaona anayeongeza maneno mawili tu: "utaua maiki". Jina lenyewe, dmic_detect, linasema DMIC, maiki ya dijitali! Mtu anaona spika zimelia, anaandika "imefanya kazi kwangu, asante mkuu", uzi unafungwa, na mwingine baada ya miezi anarithi laptopu bubu.

Tiba yake basi, kwa atakayefika hapa na ugonjwa huuhuu. Anza na fimwea. Kwenye Debian kifurushi ni firmware-sof-signed, kwenye Fedora ni alsa-sof-firmware, kwenye Arch ni sof-firmware. Hakikisha na alsa-ucm-conf ipo, maana hiyo ndiyo inayoeleza kifaa kipi ni maiki na kipi ni tundu. Ukishamaliza hapo ndipo ufute ule mstari, kisha zima mashine na uiwashe. Ukifuta mstari kabla ya kuweka fimwea utapoteza hata spika, utarudi kwenye Dummy Output, utauweka tena kwa hasira. Kama baada ya hapo DMIC bado haionekani, tazama ujumbe wa kerneli kwa dmesg | grep -i sof. Ukiona fimwea imeshindwa kupakiwa na namba -2, faili halipo mahali pake, usitafute mchawi.

Wenye AMD msinicheke, yenu ni vituko zaidi. Ndani ya kerneli kuna faili liitwalo acp6x-mach.c lenye orodha ya modeli za laptopu, moja moja, kwa majina. Kama BIOS ya laptopu yako haikutamka yenyewe kwamba kuna maiki ya dijitali, na jina la modeli halimo kwenye orodha, maiki haiwashwi. Mtengenezaji anabadilisha herufi moja kwenye jina la modeli ya mwaka mpya, ndani ni vilevile, na wanunuzi wanabaki bila maiki mpaka mmoja wao atume kiraka (marekebisho ya msimbo) chenye jina lile kwa watunza kerneli. Jina linalotafutwa mara nyingi utalipata kwa kusoma /sys/class/dmi/id/product_name. Hapo alsamixer itakusaidia nini?

Kwa hiyo nawaomba, tena nawaomba kwa ukali: mtu akisema maiki haishiki, mwombeni kwanza arecord -l na lspci -k (hii inaonyesha kila kifaa kinatumia draiva gani). Mambo ya kitufe cha kuzima maiki, ruhusa ya kivinjari, au programu za snap (zile zinazofungiwa peke yake) ambazo lazima uziunganishe na audio-record kwa mkono, hayo yapo na yanawapata watu. Lakini yana maana pale tu ambapo kerneli inaiona maiki. Isipoiona, mtabonyeza mpaka vidole viote sugu.

Kwangu sasa sauti inaingia, ila ni ndogo mno. Kwenye alsamixer (ndiyo, sasa ina kazi) kuna Dmic0, nimeipandisha, inasikika vizuri, lakini nikizima mashine na kuiwasha inarudi chini. alsactl store nimeshaijaribu kwa sudo, haishiki. Nahisi WirePlumber, ile inayosimamia vifaa vya PipeWire, ndiyo inayoishusha. Aliyewahi kukutana na hili aweke alichofanya, pamoja na toleo la kerneli na la WirePlumber. Wa "sakinisha upya" apite kimyakimya.