Makundi ya bidhaa kwenye duka la mtandaoni: matawi yamezidi na mteja haoni kitu

Mwenye duka, Mwanza

Ndugu zangu, salaam. Ninaendesha duka la vifaa vya ujenzi hapa Mwanza, na kwa miezi kadhaa sasa nimekuwa nikihamishia bidhaa zetu, ambazo ni kama 1,400 hivi, kwenye duka la mtandaoni linalotumia WordPress, programu ya kuendeshea tovuti, na WooCommerce, nyongeza yake ya duka. Nilipanga makundi kwa mfano wa mti, kundi mama likiwa juu na makundi madogo chini yake, nikiamini kwamba kadiri nitakavyozidi kuyachambua ndivyo mteja atakavyopunguziwa kazi. Matokeo yake ni kwamba, ili mteja aifikie elbo (kiungio cha kona) ya bomba la PPR, yaani bomba la maji la plastiki, hupita Vifaa vya Ujenzi, kisha Maji, kisha Mabomba ya PPR, kisha Milimita 20, kisha Viungio, kisha jina la mtengenezaji, ndipo aione elbo yenyewe.

Wiki iliyopita alikuja fundi bomba tuliyemzoea, nikampa simu yangu na kumwomba aitafute humo elbo ya nusu inchi. Alifungua "Milimita 25", akarudi nyuma, akafungua "Viungio", akakuta ukurasa mtupu, kisha akanirudishia simu akisema, "Mama, nipe tu hiyo elbo, ipo hapo nyuma yako."

Naomba mnisaidie kwa mambo matatu. Ngazi ngapi zinatosha kwa duka la ukubwa huu? Je, ni kosa bidhaa moja kukaa katika makundi mawili? Na je, ingefaa nifuate mpangilio wa namba za forodha, kwa kuwa nyaraka za mizigo ninayoagiza tayari zina namba hizo na zimepangwa kwa ngazi?

Mkutubi

Dada, tatizo lako sisi wa maktaba tunalifahamu vizuri. Melvil Dewey alipochapisha mfumo wake mwaka 1876, kila kitabu kilipewa mahali pamoja, kwa sababu nakala moja haiwezi kukaa katika rafu mbili kwa wakati mmoja. Mwaka 1933 mkutubi wa Kihindi, S. R. Ranganathan, alitoa mfumo wa namna nyingine, ambao kitabu huelezwa kwa pande zake mbalimbali, na kila upande hujibu swali lake. Duka la mtandaoni halina rafu, kwa hiyo hakuna kinachokulazimisha kumfuata Dewey peke yake.

Ukiutazama mti wako utaona kwamba umechanganya maswali manne katika mstari mmoja, yaani hiki ni kitu gani, kimetengenezwa kwa malighafi gani, kina kipimo gani, na kimetengenezwa na nani. Swali la kwanza peke yake ndilo linalostahili kuwa kundi. Yaliyobaki ni sifa za bidhaa, na mahali pake ni kwenye vichujio ambavyo mteja huchagua akiwa ameshafika kwenye ukurasa wa viungio. Mimi hujipima kwa sentensi moja: "A ni aina ya B." Elbo ni aina ya kiungio, na sentensi hiyo inasimama. Elbo ni aina ya milimita 20? Hapo hata mtoto atacheka. Kila mahali sentensi inapoanguka, ujue umeifanya sifa kuwa tawi.

Kuhusu idadi ya ngazi, sina namba takatifu, ila kwa bidhaa 1,400 sioni sababu ya kuvuka ngazi tatu. Hilo kundi la juu kabisa la "Vifaa vya Ujenzi" nalo liondolewe, kwa kuwa duka zima ni la vifaa vya ujenzi na tawi hilo halimtenganishii mteja kitu chochote.

Wakala wa forodha, Mombasa

Naomba nijibu swali la tatu, maana ndiyo kazi yangu ya kila siku. Namba hizo zinatokana na mfumo wa Shirika la Forodha Duniani, ambao una tarakimu 6, nasi katika Jumuiya ya Afrika Mashariki tunaongeza mbili kufikia 8. Ni mfumo mzuri kwa kazi yake, lakini umepangwa ili kutoza ushuru, na mara nyingi kinachotazamwa kwanza ni malighafi. Chukua huyo fundi bomba wako. Bomba lake la plastiki pamoja na viungio vyake vipo 3917, katika sura ya plastiki. Viungio vya chuma vipo 7307, katika sura ya vitu vya chuma. Koki ipo 8481, miongoni mwa mashine. Mtu mwenye kazi moja ya kufunga bomba la jikoni atazunguka sura tatu, na humo sura ya plastiki atakutana na ndoo na vyombo vya mezani.

Namba hizo zihifadhi katika sehemu ya taarifa za ndani za kila bidhaa, zitakufaa siku ya kuagiza mzigo mwingine, lakini zisionekane kwenye menyu.

Mtengeneza tovuti, Dar es Salaam

Nakubaliana na mkutubi kwa sehemu kubwa, ila jaribio lake la "aina ya" lisifuatwe kikasuku. Silikoni ni aina ya gundi, sawa, lakini anayefunga sinki huitafuta upande wa maji na fundi wa madirisha ya alumini huitafuta upande wa madirisha. Katika WooCommerce bidhaa moja inaweza kuwekwa katika makundi mawili au matatu bila kuwa na nakala, ukurasa wake ukabaki mmoja na hesabu ya stoo ikabaki moja. Kosa ni kuiandikisha bidhaa mara mbili, kwa sababu hapo stoo itakuonyesha silikoni 12 huku na 5 kule, na hutajua ipi ndiyo ya kweli.

Sifa zitengeneze katika orodha ya pamoja ya duka zima, usiziandike moja moja ndani ya kila bidhaa. Ukiziandika moja moja, leo utaandika "20mm", kesho "mm 20", na kijana wa duka ataandika "milimita ishirini", na kichujio kitazihesabu kuwa ni vipimo vitatu. Kwa PPR ningeandika "mm 20, nusu inchi", "mm 25, robo tatu" na "mm 32, inchi moja", kwa kuwa mafundi wengi huomba kwa inchi ilhali bomba lenyewe limepigwa chapa kwa milimita. Nina hakika hicho ndicho kilichompoteza fundi wako.

Jihadhari pia na faili la CSV, yaani jedwali la bidhaa lililoandikwa kwa maandishi matupu, kama unaingizia bidhaa kwa njia hiyo. Ngazi huandikwa kwa alama ya >, kwa mfano "Maji > Viungio", na koma hutenganisha kundi na kundi. Ukiliita kundi lako "Nyundo, koleo na misumeno", utazaliwa makundi mawili usiyoyataka. Aidha, jina lisilokuwepo huundwa papo hapo bila kukuuliza, kwa hiyo "Kitasa" na "Vitasa" yatakuwa makundi mawili yaliyokaa jirani, kila moja likiwa na nusu ya mali. Nimewahi kukesha usiku mzima nikisafisha uchafu wa namna hiyo, na aliyeuleta ni mimi mwenyewe.

Jambo la mwisho: usifute makundi ya zamani kwanza. Hamisha bidhaa, kisha futa, maana bidhaa iliyopoteza kundi lake la mwisho hutupwa katika kundi la zisizo na kundi. Anwani za kurasa za makundi ya zamani zielekeze kwenye mapya kwa maelekezo ya kudumu ya 301, kwani WordPress haitakufanyia hilo kwa makundi, na kila aliyehifadhi kiungo cha zamani au kukituma WhatsApp ataishia kwenye ukurasa wa kosa.

Muuza vifaa vya umeme, Arusha

Nyongeza fupi. Neno "soketi" kwa fundi bomba ni kiungio cha kuunganisha mabomba mawili, na kwa fundi umeme ni pale ukutani unapochomeka pasi. Ukiwa na makundi mawili yenye jina hilo chini ya mama tofauti, WordPress itakubali, na itatofautisha anwani kwa kuongeza jina la mama, lakini mteja anayeandika neno hilo kwenye kisanduku cha kutafutia ataletewa zote kwa mchanganyiko. Mimi nimeandika "Soketi za ukutani" moja kwa moja. Kwa wiki mbili weka daftari kaunta, andika kila kitu kama mteja alivyokitamka, na majina ya makundi yatoke humo.

Mwenye duka, Mwanza

Nimerudi, na nawashukuru wote. Daftari limenifundisha kuliko nilivyotarajia: hakuna hata mteja mmoja aliyetamka "viungio" bila kutaja bomba, kwa hiyo kundi sasa linaitwa "Viungio vya mabomba", nalo lipo ngazi ya pili chini ya "Maji". Kipimo, malighafi na mtengenezaji vyote vimekuwa vichujio. Ngazi ya tatu nimeibakiza upande wa mabati pekee, kwa kuwa anayetaka bati la msauzi na anayetaka la migongo ya kawaida hawachanganyi kamwe, ilhali unene wa bati, geji 28 na geji 30, huulizwa na wote wawili, nazo nimezifanya sifa.

Jana nilimpa fundi yule yule simu. Aligusa "Maji", akagusa "Viungio vya mabomba", akachagua nusu inchi, na elbo ikatokea. Akaitazama kidogo, kisha akauliza kwa nini tepu ya uzi haipo karibu na hapo, ilhali hakuna anayefunga koki bila tepu. Ilikuwa katika "Gundi na tepu" peke yake. Nimeiongeza huku pia, kama bidhaa ile ile moja.