Moshi wa jaa hapa Malindi, nani anapima hewa?

Bin_Maweni: Wadau salamu. Jaa la karibu na kwetu likitiwa moto jioni ule moshi watulia mtaani mpaka alfajiri, plastiki, nepi, mataire, vyote humo, na mtoto wangu ana pumu kwa hivyo madirisha hatufungui na joto la Malindi mwalijua wenyewe. Nilienda kulalamika naambiwa lete ushahidi. Moshi nitaubeba kwa mfuko?? Kupima hewa ni kazi ya nani, kaunti ama NEMA, ile mamlaka ya mazingira ya Kenya?

wakili_wa_baraza: Wote wawili kaka. Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, kudhibiti uchafuzi wa hewa ni kazi ya kaunti, kwa hivyo wasikuzungushe. NEMA nao wana kanuni za ubora wa hewa, zile zenye viwango. Lakini kwa moshi wa jaa wala huhitaji namba ya mashine, Sheria ya Afya ya Umma (Sura ya 242) yaihesabu taka yenye kudhuru afya kuwa kero, bwana afya anakuja, anaona, ananusa, anaandika notisi. Wewe peleka barua, yataje masiku na saa za moto, nakala yako igongwe muhuri.

Mama Nuru: Haya na jaa likiwa la kaunti na bwana afya ni wa kaunti, atajiandikia notisi mwenyewe? 😂

wakili_wa_baraza: @Mama Nuru hapo ndipo unaenda NEMA, wakilala kuna Korti ya Mazingira na Ardhi papo hapo Malindi. Kifungu cha 70 cha Katiba hakikudai uonyeshe kuwa ushaumia. Wenzetu wa Lamu 2019 walifutisha leseni ya mtambo wa makaa ya mawe wa megawati 1,050 na haukuwa umetoa moshi hata wa sigara, hoja kubwa ilikuwa wananchi hawakushirikishwa ipasavyo.

kusi_na_kaskazi: Sawa na sheria ila namba nazo zasaidia. Kinachopimwa zaidi ni PM2.5, vumbi dogo mno linaloshuka mpaka ndani ya mapafu, WHO tangu 2021 wanasema wastani wa saa 24 usizidi maikrogramu 15 kwa mita moja ya ujazo ya hewa. Mashine za serikali zenye kukubalika ni za mamilioni ndio maana ni chache, lakini kuna vile vimashine vidogo vya wifi vinavyohesabu vumbi kwa mwanga. Tatizo la huku pwani ni unyevu, chembe zikinywa maji zavimba na kimashine chasoma juu kuliko ukweli, mtu wa kaunti anayejua kazi yake ataitupa hiyo ripoti yako. Kwa hivyo andika na unyevu, na upepo watoka wapi, kusi si kaskazi, na usiku upepo wa bahari ukikatika ndio moshi hauna pa kwenda. Mkipata viwili kimoja kikae upande usiofikiwa na moshi, ile tofauti ndiyo itakayosema.

Bin_Maweni: Shukran sana. Barua naandika leo. Hicho kimashine naweza kukifunga barazani?

kusi_na_kaskazi: Barazani hapana ikiwa chini yake pana mtu wa mishkaki, utampeleka kortini yeye. Kiweke juu darini, mbali na jiko, pasipopigwa jua moja kwa moja.